Istilahi za Barua Pepe kwa Mwanafunzi Anayeanza

Hivi karibuni tulionyeshwa barua pepe ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiomba nafasi ya masomo katika chuo ambacho hatutakitaja. Barua yenyewe iliandikwa kwa Kiswahili fasaha, na vyeti vyote viliambatishwa. Lakini juu yake, mahali pa kueleza barua inahusu nini, palikuwa na neno moja tu: Jiografia. Karani aliyeipokea hakuitambua kuwa ni ombi, akaiacha, na siku ya mwisho ya kupokea maombi ikapita. Mwanafunzi huyo hakukosea. Karatasi ya maelekezo aliyopewa, iliyofasiriwa kwa Kiswahili, ilimwambia: "Katika nafasi ya juu andika Somo." Naye alikuwa akiomba kusoma Jiografia.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu aghalabu tunapojadili istilahi za kompyuta tunabishana juu ya asili ya maneno, au juu ya nani aliyetangulia kulibuni neno fulani, tukamsahau yule atakayelitumia. Mtumiaji huyo mara nyingi ni kijana wa kidato cha nne au cha sita, anayekaa mbele ya kompyuta ya kukodi kwa saa, au anayeazima simu ya ndugu yake, na ambaye hana mtu wa kumwuliza. Kwake istilahi ni maelekezo ya kazi. Neno likimpoteza, hupoteza fedha, siku, na pengine mwaka mzima.

Tuchukue kwanza hilo neno somo. Mfasiri alikuta neno la kigeni lenye maana nyingi, akachukua maana ya kwanza iliyomjia, yaani ile ya darasani. Kumbe jambo lenyewe lipo katika ofisi zetu tangu zamani. Kila mtumishi wa serikali nchini Tanzania anajua kwamba barua rasmi, baada ya anwani na kumbukumbu namba, huwa na mstari wa Yah., yaani yahusu. Wenzetu wa Kenya huandika Kuh., au Mint. kwa maana ya mintarafu. Barua pepe haikuleta kitu kipya hapa. Imehamisha tu mstari ule ule kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kioo cha kompyuta. Kwa hiyo sisi tunapendelea Yahusu kuliko somo, na kuliko kichwa cha habari, ambacho kinafaa zaidi magazeti. Mada si neno baya, ila mwanafunzi hulizoea katika midahalo na insha, naye anaweza kudhani anatakiwa aandike sentensi ya kupendeza.

Hali ni hiyo hiyo kwa herufi CC ambazo bado huonekana katika programu nyingi. Asili yake ni nakala ya kaboni, ile karatasi nyeusi iliyowekwa kati ya karatasi mbili katika mashine ya chapa. Vijana wengi wa leo hawajaiona. Lakini neno Nakala, linaloandikwa chini ya barua rasmi na kufuatwa na orodha ya wakubwa wanaopelekewa, wanalikuta kila wanapopokea barua ya shule. Basi Nakala inatosha. Ile nyingine, ambayo wapokeaji wengine hawaioni, iitwe nakala ya siri. Mwalimu aeleze mara moja kwamba siri hapa si ya yaliyomo ndani ya barua. Kinachofichwa ni jina la anayepelekewa nakala hiyo. Tumewahi kumwona mtu mzima, mwenye cheo, akiituma barua yake nyeti kwa njia hiyo akiamini kwamba maneno yake yamefungwa kwa kufuli.

Si kila mara, hata hivyo, msamiati wa ofisi hutusaidia. Upo wakati unapotudanganya, na mfano mkubwa ni faili. Katika masjala yoyote faili, au jalada, ni lile gamba linalokusanya barua nyingi zinazohusu jambo moja, kila barua ikiwa na namba yake ya folio. Ukimwambia karani wa masjala akuletee faili, hakuletei barua moja, bali hukuletea mkusanyiko mzima. Katika kompyuta mambo yamegeuka. Faili ni hati moja tu, au picha moja, au wimbo mmoja. Na kile kinachokusanya mafaili mengi pamoja huitwa folda, au kabrasha kwa wanaopenda neno lililozoeleka. Mtumishi anayejifunza kompyuta huchanganyikiwa hapa kuliko mtoto wa shule, kwa sababu mtoto hana mazoea ya kuyasahau. Akiambiwa "tuma faili la mtumishi fulani," hutuma barua moja iliyomo, au hushindwa kabisa kwa kuwa programu inakataa kupokea kabrasha zima.

Tungekuwa tunaanza upya, pengine tungesema hati kwa kitu kimoja na jalada kwa mkusanyiko, na masjala ingekuwa imehamia ndani ya mashine bila kugeuzwa. Lakini faili kwa maana ya kompyuta limekwisha kuenea mno kutoka Mombasa hadi Mbeya, na neno lililoenea halirudishwi kwa waraka. Tunaloweza kuwaomba wafasiri ni kwamba katika maelekezo ya watumishi wa umma waandike "hati moja" au "kabrasha lenye hati zote", badala ya kuliacha neno faili peke yake libebe maana mbili zinazopingana.

Juu ya jina barua pepe lenyewe hatuna ugomvi. Pepe hutukumbusha kupepea na upepo, jina ni fupi, nalo limekubalika pande zote. Ubaya uko katika matumizi. Fomu nyingi zina mahali palipoandikwa "Barua pepe" na nukta nukta mbele yake, na watu husema "nipe barua pepe yako" wakitaka anwani. Hakuna amwambiaye mwenzake "nipe barua yako" akitaka sanduku lake la posta. Kwa mzoefu kosa hili ni dogo, lakini mwanafunzi anayejaza fomu kwa mara ya kwanza ana haki ya kuuliza kama anatakiwa aanze kuandika barua pale pale. Fomu ziandike "Anwani ya barua pepe". Maneno mawili yaliyoongezeka hayataharibu karatasi.

Anwani hiyo ni rahisi kufundisha kuliko inavyodhaniwa, maana imepangwa kama bahasha. Kwenye bahasha tunaanza na jina la mtu, kisha S.L.P., kisha mji, kisha nchi. Twatoka kidogo kwenda kikubwa. Anwani ya barua pepe nayo huanza na jina la mtu, hufuata jina la chuo au kampuni, na mwisho, kwa anwani zilizosajiliwa kwa nchi, huja herufi mbili za nchi yenyewe: tz kwa Tanzania, ke kwa Kenya, ug kwa Uganda. Kabla ya tz huweza kuwapo herufi nyingine za kuonyesha aina ya taasisi, kama vile ac kwa vyuo vya elimu ya juu, go kwa serikali, na sc kwa shule. Mwanafunzi akilijua hili hudanganywa kwa shida zaidi. Anayejiita ofisa wa serikali huku anwani yake haiishii kwa go na tz anastahili kuulizwa maswali.

Neno linalotusumbua zaidi ni lile la ulinzi. Tumekuta ukurasa mmoja wa maelekezo uliotumia nywila, neno la siri, na namba ya siri kwa kitu kimoja, na msomaji akatafuta vitu vitatu. Tusiwalaumu waandishi peke yao, kwani istilahi hizi zimetoka katika mikono tofauti kwa nyakati tofauti. Nywila ni fupi, na ufupi una thamani yake. Waliotafsiri programu za kompyuta, kama wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice mwaka 2004, wanajua jinsi ilivyo taabu kuingiza maneno matatu katika kitufe kilichopimwa kwa neno moja. Hata hivyo, nywila haimwambii anayeanza chochote mpaka aelezwe. Neno la siri linajieleza, ila lina hila yake: mwanafunzi akisikia neno, huchagua neno kweli, pengine jina la mama yake au la kijiji chake, naye mwenye nia mbaya huanza kubahatisha hapo hapo. Namba ya siri imeenea kutokana na huduma za fedha kwa simu, zilizoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ambako kinachotakiwa ni tarakimu tu. Aliyezoea huko huandika tarakimu nne katika barua pepe, akakataliwa, asijue sababu.

Rai yetu ni kwamba namba ya siri ibaki kwa tarakimu, na neno la siri litumike kufundishia, huku mwalimu akilitaja nywila mara ya kwanza ili mwanafunzi asishtuke akilikuta kwenye simu. Lolote mfasiri atakalolichagua, alitumie hilo hilo tangu mwanzo wa karatasi hadi mwisho.

Vitenzi vimetuendea vizuri zaidi kuliko majina. Bofya ni kubonyeza kwa kidole, kama afanyavyo mnunuzi sokoni akitaka kujua embe limeiva au la, na ndilo tendo lenyewe. Pakia na pakua tumezitoa bandarini, nazo zina faida ambayo lugha nyingine hazina, kwa kuwa kiambishi cha kutendua kinaonyesha wazi kwamba tendo moja ni kinyume cha jingine. Vinjari lilikuwa neno la chombo kinachozunguka baharini kwa kupeleleza, na sasa kivinjari ni programu ya kuzungukia kurasa. Ambatisha linatosha, ambatanisha nalo linasikika maofisini, na hatuoni haja ya kumrudi mtu kwa ajili yake, ila kiambatisho ni kifupi zaidi. Kipanya hatutalijadili, ingawa abiria wa mabasi madogo wana haki ya kutabasamu.

Lipo pia tatizo la mtandao. Kwa wengi mtandao ni ile nguvu ya simu inayopatikana au kukatika, na katika mazungumzo huwa ndilo jina la kampuni ya simu pia. Mwalimu akisema "tafuta katika mtandao", baadhi ya wanafunzi hutazama juu ya simu kuona kama alama zimejaa. Kwa hiyo, katika maandishi ya kufundishia tunashauri intaneti kwa ule mtandao mkuu unaounganisha mitandao ya dunia, wavuti kwa kurasa zilizounganishwa na kusomwa kwa kivinjari, na tovuti kwa mahali pamoja pa taasisi au mtu fulani katika wavuti hiyo. Tofauti hizi si za kujipamba. Barua pepe kati ya kompyuta na kompyuta ilianza mwaka 1971, ilhali pendekezo la wavuti lilitolewa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN, Geneva, mwaka 1989. Mwanafunzi anayedhani kwamba barua pepe ni sehemu ya wavuti hatambui kwamba anaweza kuituma kwa programu nyingine kabisa.

Imebaki alama @, ambayo mpaka sasa haina jina la Kiswahili lililokubaliwa na wote. Aliyeiweka katika anwani ni Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani, katika mwaka huo wa 1971. Alihitaji alama ya kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta, ambayo haiwezi kuwa sehemu ya jina la mtu yeyote, akaikuta kwenye kibodi. Wafanyabiashara walikuwa wakiitumia kwa bei, na hata leo dukani kwetu tunaandika madaftari kumi @ shilingi elfu moja, tukiisoma "kila moja". Mataifa mengine yameipa majina ya umbo lake: Waitalia huiita konokono, Waholanzi mkia wa nyani, Warusi mbwa, na Wadeni huiona kuwa ni herufi a yenye mkonga wa tembo.

Walimu wetu husoma "at" kwa sauti, na tumeona madaftari ambamo mwanafunzi ameandika herufi hizo mbili kama alivyosikia. Wapo wanaopendekeza isomwe "kwa", kama tusemavyo fulani yuko kwa fulani. Maana yake ni nzuri, lakini kosa litabaki pale pale, kwani mwanafunzi ataandika k, w, a. Alama inahitaji jina lisiloweza kudhaniwa kuwa ni sehemu ya anwani. Katika mafunzo yetu tumejaribu "a ya duara", nasi tukaona kwamba mwanafunzi huchora kabla hajauliza. Huenda msomaji analo jina bora kuliko hilo, naye tunamkaribisha atuandikie. Kwenye mstari wa Yahusu aandike Jina la alama, asiandike Jiografia.