"Nondo tu" si jina: Mdudu mpya huandikishwaje?

Juzi usiku, stima iliporudi baada ya kupotea tangu magharibi, tuliketi barazani na taa ikaanza kuvuta wadudu kama ilivyo kawaida baada ya mvua. Mpwa wangu alimfunika mmoja kwa kikombe. Alikuwa nondo mdogo, hazidi punje ya mchele. Akaniuliza, "Mjomba, huyu anaitwaje?"

Nikampa jibu nililopewa mimi nikiwa na umri wake: "Huyo ni nondo tu."

Akanitazama. "Nondo yupi?"

Sikuwa na jibu, na kusema kweli swali lile lilininyima usingizi. Wanasayansi wamekwisha kuzipa majina zaidi ya spishi 150,000 za vipepeo na nondo duniani, na nondo ndio walio wengi. Hata hivyo, kila mwaka wengine wapya huongezwa. Tukisema "mpya" hatuna maana kwamba mdudu amezaliwa jana. Yeye yupo tangu enzi na enzi. Kipya ni kwamba binadamu wamemtambua na kumwandikisha.

Chukua mfano mmoja uliozua gumzo. Mnamo Januari 2017, siku chache kabla ya Donald Trump kuapishwa kuwa rais wa Marekani, mtafiti wa Kanada aitwaye Vazrick Nazari alichapisha katika jarida la ZooKeys maelezo ya nondo mdogo anayepatikana kusini mwa California na Baja California, Mexico. Kichwani ana magamba ya rangi ya manjano iliyofifia. Nazari akaona yanafanana na nywele za rais huyo mteule, akamwita nondo Neopalpa donaldtrumpi.

Watu walicheka. Lakini Nazari alieleza kwamba nia yake ilikuwa kuwazindua watu walinde maeneo dhaifu yanayoharibiwa, ambamo bado wamo viumbe wasio na majina.

Sasa, alijuaje kuwa ni mpya? Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunadhani mtafiti hukimbia na wavu nyikani hadi amkamate mdudu wa ajabu. Nazari alimgundua alipokuwa akichunguza nondo waliokwisha kukaushwa na kuhifadhiwa, wakiwemo wa jumba la makumbusho la chuo kikuu huko California. Kuna wadudu wanaokaa kwenye droo za makumbusho miaka mingi wakingoja mtu wa kuwatazama vizuri.

Hatua ya kwanza ni kulinganisha. Mtafiti hupima mabawa, huangalia rangi na madoa, kisha husoma maelezo ya jamaa wote wanaojulikana. Nondo wadogo hufanana mno, kwa hivyo macho pekee hayatoshi. Huwabidi watafiti kupasua tumbo la mdudu aliyekufa na kuchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini, maana umbo la viungo hivyo hutofautiana kati ya spishi na spishi. Siku hizi huongezwa kipimo cha DNA.

Hatua ya pili ni kuchagua mdudu mmoja awe kielelezo rasmi. Huyo huhifadhiwa makumbusho na kuwekewa kibandiko kinachosema alikamatwa wapi, lini na nani. Kesho na keshokutwa, mtu akibisha, hurudi kwa huyo huyo.

Hatua ya tatu ni jina na uchapishaji. Jina lina sehemu mbili, kama la ukoo na la mtu. Likitokana na mwanamume, kwa kawaida huishia kwa "i". La mwanamke huishia kwa "ae". Bundi wetu mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1966, huitwa Otus ireneae. Alikuwa akilia juu ya vichwa vya wazee wetu zamani sana kabla ya kupata jina hilo.

Msomaji ataniuliza: haya yanatuhusu nini, nasi tuna shida ya maji na karo?

Yanatuhusu shambani. Nondo yule wa California ni wa familia iitwayo Gelechiidae. Katika familia hiyo hiyo yumo nondo anayetoboa punje za mahindi ghalani, na yumo Tuta absoluta, yule anayemaliza nyanya, ambaye wakulima wa Tanzania wamempa jina la kantangaze. Huyu alielezwa mwaka 1917 na Edward Meyrick kutokana na nondo wa Peru. Karibu karne nzima baadaye akabisha hodi Kenya.

Shemeji yangu alipopoteza nyanya zake, muuzaji wa agroveti alimwambia ni "viwavi vya kawaida". Alipuliza dawa mara tatu, pesa zikaisha, nyanya zikaisha. Kiwavi wa Tuta hujificha ndani ya jani, kwa hivyo dawa inayobaki juu ya jani haimfikii. Mtego unaomnasa dume hutumia harufu ya jike wa spishi ile ile. Ukiweka harufu ya nondo mwingine, utakesha bure. Kumbe jina sahihi lingemwokolea shemeji mtaji.

Pia yanatuhusu msituni. Pale Gede, mradi wa Kipepeo umekuwa ukiwalipa wanakijiji wanaofuga pupa tangu miaka ya tisini, na pupa hao huuzwa ng'ambo. Biashara hiyo isingewezekana kama hatungejua kipepeo yupi hula mti upi. Vipepeo wale wakubwa tumewajua. Hawa wadogo wa taa za usiku, ambao wengine maisha yao hutegemea mmea mmoja tu, tunawafyekea kichaka kabla ya kuwauliza jina. Kaya zetu, ambazo baadhi zimetambuliwa na UNESCO tangu 2008, ni mabaki madogo ya msitu. Mti ukikatwa humo kwa ajili ya makaa, anayeliwa hasara si mti peke yake, na hatutajua ni nani mwingine.

Sisemi kila mtu awe mtafiti. Lakini shule inaweza kutundika shuka jeupe na taa usiku mmoja, watoto wakapiga picha na kuandika tarehe na mahali. Mkulima akiona mdudu asiyemjua, amtie kwenye chupa ampeleke kwa ofisa wa kilimo kabla ya kununua dawa.

Usiku ule nilimwambia mpwa wangu ukweli: "Simjui. Pengine hata wataalamu hawamjui." Akafunua kikombe, akamwachilia. Asubuhi yake aliniomba daftari.