Vigamba Vidogo na Mpaka wa Vipindi

Jiwe la chokaa halitangazi umri wake kwa rangi wala kwa ugumu. Matabaka mawili yaweza kufanana machoni, ilhali moja limelitangulia jingine kwa miaka milioni nyingi. Basi mtaalamu wa miamba hujuaje mahali kipindi kimoja kilipokwisha na kingine kikaanza? Mara nyingi hulipata jibu katika visukuku vidogo mno, visivyoonekana vema ila kwa hadubini.

Miongoni mwavyo ni mabaki ya foraminifera, viumbe vya baharini vyenye seli moja tu, ambavyo vingi hujijengea gamba la chokaa. Vikifa, magamba huzama, yakafunikwa, na hatimaye yakawa sehemu ya jiwe. Vyafaa sana kwa kazi hii kwa kuwa ni vingi hata katika kipande kidogo. Vile vieleavyo vilienea bahari nyingi. Tena aina zake zilibadilika upesi.

Mfano ulio mashuhuri uko katika bonde la Bottaccione, karibu na Gubbio, Italia. Chokaa ya huko ni ngumu, magamba hayatoki kwa kuoshwa. Kwa hiyo jiwe hukatwa na kusagwa hata likawa jembamba kiasi cha milimita 0.03, nuru ikapenya. Kwa njia hiyo Hanspeter Luterbacher na Isabella Premoli Silva waliona kwamba jamii ya Globotruncana, yenye magamba makubwa kidogo na kingo zilizopambwa, inakoma ghafula. Juu yake mna magamba madogo sana tu. Aina moja waliipa mwaka 1964 jina la eugubina, kwa heshima ya Gubbio. Kati ya hayo mawili pana udongo wa mfinyanzi, unene wake yapata sentimita 1. Huo ndio mpaka wa Kretasia na Paleojini, wa miaka milioni 66 iliyopita.

Kwa kuwa mpaka ulikwisha kujulikana barabara, Walter Alvarez na wenzake walijua udongo wa kupima. Mwaka 1980 walitangaza kwamba mna metali ya iridi mara 30 hivi kuliko kawaida, wakasema kuwa jiwe kubwa la angani liliipiga dunia.

Hata hivyo, yapasa kuwa na hadhari. Aina isipoonekana mahali pamoja, haimaanishi kwamba imetoweka duniani. Pengine maji ya pale hayakuifaa, au magamba yaliyeyuka. Tena mkondo waweza kuchimbua magamba ya kale na kuyalaza katika tope changa. Ndiyo maana ushahidi wa Gubbio ulilinganishwa na wa nchi nyingine. Na mwaka 1991 mahali pa kipimo rasmi cha mpaka huu paliwekwa El Kef, Tunisia, ambako iridi na mabadiliko ya vigamba yanashuhudia jambo lile lile.