Utoto wa Salme wa Mtoni

Mtoto anayekulia Riyadh au Jeddah hatayajua maisha ya kwenu asiposimuliwa. Jambo hilo ndilo lililomfanya Bi Salme binti Said ashike kalamu.

Salme alizaliwa Unguja mwaka 1844, katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Uani kulikuwa na tausi, paa na mabata, na nyumbani zilisikika lugha nyingi: Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki. Watoto walifundishwa kupanda farasi, hata wasichana.

Chuoni walikaa mkekani wakisoma Kurani. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika, wasichana kusoma tu. Salme hakuridhika. Kwa siri alinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, mpaka akajua kuandika.

Mwaka 1867 aliolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akahamia Ujerumani na kuitwa Emily Ruete. Wanawe walikulia huko bila kuijua Unguja, ndipo akawaandikia habari za utoto wake. Kitabu kilitoka Berlin mwaka 1886, na hadi leo kinatueleza maisha ya jumba lile.

Nanyi wazazi, nunueni daftari. Andikeni mlichota maji wapi, mlicheza nini, bibi alipika nini siku ya Idi. Asiyejua kuandika asimulie, mtoto aandike.