Maandazi ya Nyumbani: Tuyapike Bila Kuunguza Watoto



Miezi ya Juni na Julai hapa Babati huwa na baridi, na asubuhi kila mtoto hutamani chai ya moto na andazi. Kuyapika nyumbani ni jambo jema, maana mama hujua ametia sukari kiasi gani na mafuta yake ni safi au yamechoka. Lakini karai la mafuta ni la hatari kuliko sufuria ya maji. Maji yanayochemka hayazidi nyuzi 100, bali mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 180 hivi, tena hung'ang'ania ngozi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, kwa hiyo huungua kwa kina zaidi kuliko ya mtu mzima.

Kutayarisha

Chukua unga wa ngano nusu kilo, sukari vijiko 6 vya chakula, hamira kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo na iliki iliyosagwa. Kanda kwa maziwa au tui la nazi vuguvugu, ukiongeza kidogo kidogo hadi donge liwe laini lisiloshika mikononi. Funika, uache liumuke kama saa 1; siku za baridi huchukua muda zaidi. Sukuma, kata vipande, uviache vipumzike dakika 15.

Kazi hii yote watoto waweza kushiriki. Hapa ndipo mwisho wao.

Kukaanga

1. Kabla ya kuwasha moto, mkabidhi mtoto mdogo kwa baba, bibi au dada yake mkubwa. Usikaange ukiwa umembeba mgongoni wala kifuani.

2. Jiko la mkaa au mafiga likiwa chini, chora mstari ardhini hatua 2 kutoka kwenye moto. Watoto wasiuvuke. Kwa jiko la gesi, geuza mpini wa kikaango uelekee ukutani.

3. Mafuta yasizidi nusu ya karai. Karai na vipande viwe vikavu, kwa sababu tone la maji likiingia hugeuka mvuke ghafla na kurusha mafuta.

4. Jaribu kwa kipande kidogo cha donge. Kikipanda juu na kutoa mapovu, mafuta yako tayari. Yakitoa moshi, yamezidi moto. Punguza mara moja.

5. Teleza andazi polepole kutoka ukingoni, usilitupe.

6. Mafuta yakishika moto, usimwagie maji kamwe. Funika karai kwa mfuniko wa bati, zima gesi ukiweza kuifikia, na uache lipoe hapo hapo.

7. Ukimaliza, usibebe karai la moto. Liache lipoe kabisa mahali watoto hawafiki. Mafuta yaliyokuwa meusi, yanayonuka au kutoa povu yasitumiwe tena, hata kama ni alizeti ya bei.

Mtoto akiungua

Mwondoe kwenye moto. Vua haraka nguo iliyolowa mafuta, kwa kuwa inaendelea kumuunguza. Iliyogandamana na ngozi iache. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20, yakitiririka kutoka bombani au kwa kopo. Usitumie barafu. Mwili uliobaki ufunike asishikwe na baridi. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Usipake dawa ya meno, yai, siagi, asali, unga wala majivu. Vitu hivyo huhifadhi joto, huingiza uchafu na kumpa muuguzi kazi ya kuvisugua huku mtoto akilia kwa maumivu. Malengelenge usiyatumbue.

Mpeleke hospitali bila kungoja kesho kama ameungua usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri; kama jeraha linazidi ukubwa wa kiganja chake; kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi; au kama ni mtoto mchanga. Chukua pia kadi yake ya kliniki, tuone chanjo yake ya pepopunda.

Akina baba nanyi, mama anapokaanga, kazi yenu ni ule mstari wa hatua 2. Ulindeni.