Kabla ya kuinua gari lako, pima mzigo wako

NI nani asiyependa kuona gari lililosimama juu kama twiga? Kaa kando ya Barabara ya Ngong Jumapili asubuhi nawe utayaona: Prado, Hilux, Land Rover na hata Jimny ndogo, yote yameinuliwa, tairi zake nene zikinguruma kwenye lami. Watoto huyanyoshea vidole. Kijana wa chuo huyatamani. Naye baba ambaye hukwama matopeni kila aendapo kwao mashambani hujiambia moyoni, "Hiyo ndiyo dawa yangu."

Huenda wewe, msomaji, ni mmoja wao. Shemeji yangu alikuwa mmoja wao pia.

Alinunua Prado ya mwaka wa 1999 kutoka kwa mtu aliyeitumia kwa miaka mingi. Nyuma ilikuwa imelala. Kwa kuwa kwao ni karibu na Baragoi, katika Kaunti ya Samburu, aliona ni lazima ainue gari. Akalipeleka kwenye gereji moja hapa jijini, na siku hiyo hiyo jioni akarudi nalo likiwa limepanda inchi tatu. "Shemeji, sasa hili ndilo gari," aliniambia huku akilipiga kofi kwenye boneti.

Alichofanyiwa ni hiki: vipande vya chuma vilitiwa juu ya springi kuukuu, mbele na nyuma. Shokabzoba, au "shoki" kama mafundi wanavyoziita, zilibaki zile zile. Mipira ya breki ilibaki ile ile.

Desemba 2023 tulifunga safari: yeye, dada yangu, watoto wao watatu na mimi. Nyuma tulijaza magunia mawili ya unga, sukari ya nyanya, mitungi ya maji na ya dizeli. Kabla hatujatoka Nairobi nyuma ilikuwa imelala tena, na pua ya gari ikatazama mawingu. Usukani ukawa mwepesi kupita kiasi. Katika kila kona gari liliyumba kama mlevi.

Tulipopita Maralal na kuanza kuteremka kutoka nyanda za juu za Lorroki, gurudumu moja la nyuma lilitumbukia shimoni. Tulisikia mlio kama wa bunduki. Shoki ilikuwa imekatika. Mita chache mbele, shemeji alikanyaga breki na kanyagio likazama hadi chini. Alibaki na breki za mbele peke yake, nazo kwa shida. Alishusha gia, akavuta breki ya mkono, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo hadi likasimama. Hakuna aliyeumia. Lakini mtoto wa mwisho alilia hadi Baragoi, na dada yangu hakusema neno kwa muda wa saa mbili.

Kwa nini yalitupata hayo? Nimewauliza mafundi kadhaa tangu siku hiyo. Jibu lao ndilo ninalotaka kukupa leo, maana linaweza kukuokolea pesa, na pengine zaidi ya pesa.

Ni nini hasa kinachopanda?

Watu wengi hudhani kwamba ukiinua saspensheni, sehemu yote ya chini ya gari hupanda. Sivyo. Springi hukaa kati ya ekseli na chasisi. Ukiweka springi ndefu, kinachopanda ni chasisi na bodi. Ekseli yenyewe, pamoja na lile tufe la chuma lililo katikati yake ambalo mafundi huliita difu, hubaki pale pale. Kwenye gari lenye ekseli nzima, difu ndilo hugonga jiwe kwanza.

Kinachoinua difu hilo kwa kawaida ni tairi kubwa zaidi. Hata hivyo, tairi iliyozidi kwa inchi mbili kutoka juu hadi chini huinua difu kwa inchi moja tu, kwa sababu nusu ya ongezeko hilo huenda juu ya ekseli.

Je, kuinua hakuna faida? Faida ipo. Pua na mkia wa gari haviburuti upesi kwenye mwinuko mkali, tumbo halikwami kirahisi juu ya tuta, na tairi kubwa kidogo hupata nafasi ya kuzunguka bila kukwaruza madigadi. Lakini faida kubwa ya seti nzuri ya springi na shoki si kimo. Ni uwezo wa kubeba mzigo wako bila gari kulala wala kuyumba.

Anza na mizani

Kwa hivyo, swali la kwanza usiulize "inchi ngapi?" Uliza "kilo ngapi?"

Chukua karatasi. Andika uzito wa kila mtu anayesafiri nawe. Maji ni rahisi kuhesabu: lita moja ni kilo moja. Dizeli lita moja ni kama gramu 840, kwa hivyo mtungi wa lita 20 una karibu kilo 17 bila kuhesabu mtungi wenyewe. Bulubaa ya chuma yaweza kuzidi kilo 50. Winchi ya umeme ni kilo 30 au zaidi. Ongeza keria ya juu, hema, tairi ya akiba ya pili na magunia ya kupeleka nyumbani. Utashangaa jinsi kilo 300 zinavyofika haraka.

Kisha jiulize ni kilo ngapi ziko ndani ya gari kila siku, na ni ngapi hupanda mara mbili kwa mwaka. Springi huuzwa kulingana na mzigo wa kudumu. Kwa gari moja unaweza kupata springi za nyuma za aina tatu: za gari tupu, za mzigo wa wastani, na za mzigo mzito. Ukimwekea springi za mzigo mzito mama anayepeleka watoto shuleni na kurudi na kapu la mboga, gari litawarusha kama punda. Ukiweka springi nyepesi kwenye gari lenye winchi na bulubaa, pua italala.

Na lingine usilisahau: springi ngumu haiongezi kilo ambazo mtengenezaji aliruhusu gari libebe. Chasisi, ekseli na breki ni zile zile.

Hapa pana siri ndogo isiyogharimu hata shilingi. Egesha gari tupu mahali tambarare. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, uandike. Lipakie kama la safari, upime tena. Ukiona gari tupu limelala upande mmoja, au nyuma ni chini sana kuliko la jirani la aina hiyo hiyo, huenda shida yako si kimo. Huenda springi zimechoka tu. Gari kuukuu likivishwa springi mpya za kiwango cha kawaida na shoki mpya huweza kupanda kiasi cha kukushangaza. Hilo ndilo lililohitajika kwenye ile Prado.

Jua gari lako

Magari hayainuliwi kwa njia moja. Hilux ina springi bapa nyuma, zile zilizopangwa moja juu ya nyingine. Hizo hubadilishwa zote pamoja na bushi na bolti zake za U. Usikubali vipande vya kuinulia viwekwe chini ya springi bapa za mbele kwa gari lenye springi hizo mbele. Kikichomoka kimoja, umepoteza usukani.

Jimny na Land Rover Defender za zamani zina springi za kuzunguka kwenye ekseli nzima, mbele na nyuma. Ukiziinua, ekseli ya mbele hujipinda kidogo na usukani huacha kujirudisha katikati wenyewe. Pia ile fimbo inayoizuia ekseli isicheze kando huivuta upande mmoja. Kuinua kidogo huvumilika. Ukizidisha, utahitaji bushi maalumu na fimbo inayorekebishika.

Prado, pamoja na Hilux kwa upande wa mbele, kila gurudumu la mbele hujitegemea. Hapo shafti fupi za mbele hupinda zaidi kadiri unavyoinua, na viungo vyake, ambavyo mafundi huviita si-vi, huliwa haraka. Mpira wa kiungo ukipasuka, mchanga huingia na kazi imekwisha.

Kwa sababu hizo, mafundi wenye uzoefu hushauri gari la familia lisizidi milimita 40 hadi 50, yaani inchi moja na nusu hadi mbili. Zaidi ya hapo kila kitu huanza kudai kingine: mipira mirefu ya breki, shafti mpya, raba ndefu za kuzuia ekseli isigonge chasisi, na kadhalika.

Usidanganywe na magari ya Rhino Charge, mashindano yanayofanyika nchini tangu mwaka wa 1989. Yale hutafuta vituo 13 kwa saa 10 yakipita njia fupi kabisa, porini, mara nyingi kwa mwendo wa kobe. Waliomo wamevaa helmeti na kufungwa mikanda ndani ya kizimba cha mabomba. Hawapeleki watoto shuleni Jumatatu.

Kupinduka si bahati mbaya

Iko hesabu moja ambayo hata mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kuifanya. Chukua nusu ya upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ugawanye kwa kimo cha kitovu cha uzito. Tuseme upana ni sentimita 150 na kitovu kiko sentimita 75 kutoka ardhini. Jibu ni 1. Sasa kipandishe kitovu kwa sentimita 7. Jibu linashuka hadi karibu 0.91. Kadiri jibu linavyopungua ndivyo gari linavyopinduka kwa urahisi kwenye kona. Idara ya usalama barabarani ya Marekani hutumia hesabu hii inapoyapanga magari kulingana na hatari hiyo. Nasi bado hatujapakia magunia juu ya keria!

Tairi kubwa nazo hudanganya mshale wa mwendo. Ukitoka tairi ya inchi 29 hadi ya 31, mshale ukisoma 100, wewe uko karibu 107.

Shoki ndiyo roho

Springi hubeba, shoki hutuliza. Kila gari linaporuka, shoki huugeuza mruko huo kuwa joto. Kwenye barabara iliyojikunja kama bati, shoki duni huchemka, mafuta yake hutoa povu, na gari huanza kuelea. Basi nunua springi na shoki zilizotengenezwa kwa ajili ya kufanya kazi pamoja. Shoki iwe na urefu unaolingana na springi mpya.

Hilo ndilo lililotuponza. Vile vipande vya chuma viliinua gari lakini shoki zilikuwa fupi. Kila gurudumu liliposhuka shimoni, shoki ilifika mwisho wake na kubeba uzito wa ekseli nzima. Ilipokatika, ekseli ilishuka zaidi, ikaunyosha mpira wa breki hadi ukachanika. Kosa la asubuhi moja gerejini lilisubiri wiki kadhaa, likatukuta mteremkoni.

Maswali ya kumwuliza fundi

Usione haya kuuliza. Springi hizi ni za mzigo wa kilo ngapi? Shoki ni za urefu gani? Gurudumu likining'inia, mpira wa breki unabaki na ulegevu? Umwombe aliinue gari kwa jeki ya chasisi ili uone kwa macho yako. Alaimenti itafanywa lini? Bolti zitakazwa tena baada ya kilomita 500? Taa za mbele zitashushwa zisiwapofushe wenzako? Fundi anayekasirika kwa maswali haya, mwage kwaheri.

Aidha, iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi kabla ya kazi. Ajali ikitokea na gari si lile walilolikatia bima, utakuwa umewapa sababu ya kubishana nawe.

Na kabla ya yote hayo, jaribu jambo la bure: punguza upepo wa tairi kidogo unapoingia mchangani au kwenye mawe, na uujaze tena kabla ya kurudi lamini. Wengi wamegundua hapo kwamba hawakuhitaji kuinua chochote.

Shemeji yangu alivitoa vile vipande. Aliweka springi za mzigo wa wastani na shoki zake, milimita 40 tu juu ya kawaida, na mipira mipya ya breki. Ile keria ya juu aliiuza. Ukiliona gari lake leo barabarani hutaligeukia mara mbili. Agosti 2024 tulirudi Baragoi tukiwa watu wale wale, na unga ule ule. Tulipofika kwenye ule mteremko, dada yangu alishika mkono wa kiti, akafumba macho. Alipoyafumbua tulikuwa chini, na yule mtoto wa mwisho alikuwa amelala.