Ulimi wako una ramani?

Hebu kijana mwenzangu, chukua kioo, simama dirishani penye mwanga, kisha toa ulimi. Unaona nini? Wengi mtaona ulimi wa kawaida tu. Lakini wapo watakaoona mabaka mekundu, laini, yaliyozungukwa na ukingo mweupe, kama ramani yenye visiwa. Ukiangalia tena baada ya siku chache, visiwa vimehama! Jumatatu vilikuwa kushoto, Ijumaa viko nchani.

Tuchukue mfano wa binti wa kidato cha tatu huko Kibosho. Ulimi wake uko hivyo, na viwikoni ana magamba yasiyokwisha. Shuleni maneno yameshaanza: "Huyo kakanyaga waya." Naye mwenyewe kaanza kuamini. Hataki tena kula sahani moja na wenzake, na mama yake akimuuliza anajibu, "Sijambo tu, mama." Kumbe shida yake inaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Kuna ugonjwa unaitwa soriasisi. Kinga ya mwili inachanganyikiwa, inaiharakisha ngozi. Kwa kawaida chembe za ngozi huchukua kama mwezi mmoja kukomaa na kupukutika. Kwa mwenye soriasisi ni siku chache tu, hivyo zinarundikana na kuwa magamba viwikoni, magotini na kichwani, ambako wengi hudhani ni mba. Vitabu vingi husema mabaka yake ni mekundu. Sawa, kwa ngozi nyeupe! Kwenye ngozi yetu mara nyingi huonekana ya zambarau au kijivu. Na hauambukizi: si kwa kugusana, si kwa kikombe, si kwa busu.

Sasa kinywani. Ulimi wa ramani, na ulimi wenye mipasuko, huonekana zaidi kwa wenye soriasisi kuliko kwa watu wengine. Fizi nazo huweza kuvimba. Lakini usiruke! Wengi wenye ulimi wa ramani hawana soriasisi wala ugonjwa wowote, na ulimi huo hauna madhara. Ulimi peke yake hautoshi kukupa jina la ugonjwa. Daktari atatazama viwiko, kichwa na kucha, maana kucha za soriasisi huwa na vishimo vidogo kama zimechomwa sindano. Atauliza pia kuhusu taya. Soriasisi huweza kuingia kwenye viungo, na kiungo cha taya, pale mbele ya sikio, kikiuma au kukaza asubuhi, mwambie.

(Meno ya kahawia ni habari nyingine. Hayo hutokana na floridi nyingi iliyomo kwenye maji ya baadhi ya sehemu za Kilimanjaro na Arusha, na kwenye magadi.)

Na UKIMWI je? Tuseme ukweli. Mwenye virusi ambaye kinga yake imeshuka huweza kupata fangasi kinywani, lakini ule ni utando mweupe ambao mara nyingi hutoka ukifutwa. Ramani haifutiki. Hata hivyo virusi huweza kuifanya soriasisi iwe kali, kwa hiyo kupima ni jambo la busara. Kupima, siyo kunong'onezana.

Ulimi ukiwasha, acha kwa muda pilipili, ndimu na nanasi. Mtori uliopoa hauna ugomvi na mtu. Usiukwangue kwa mswaki wala kuusugua magadi! Sigara na pombe huchochea soriasisi, na mbege ni pombe, hata kama kakupa babu.

Jambo la hatari zaidi ni vidonge. Usinunue prednisoloni dukani kwa ushauri wa mshkaji. Ngozi inatulia haraka kweli, lakini ukiacha ghafla soriasisi huweza kurudi kwa nguvu, na vipele vya usaha mwili mzima. Na kama daktari amekuandikia methotreksati, kwa soriasisi humezwa mara moja kwa wiki, siyo kila siku. Watu wamekufa kwa kukosea hapo. Ukiimeza halafu ukaota vidonda kinywani, usisubiri kliniki ya mwezi ujao, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Anzia zahanati ya karibu, au hospitali ya Mawenzi pale mjini. Wakiona inafaa watakupa rufaa. Sisi wa Moshi tuna bahati: tangu 1992 pale KCMC pana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na wataalamu hutoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma hapo. Wengine wanasafiri kwa ndege, wewe nauli ya daladala tu.

Siku ya kwenda, beba kila dawa na kila krimu uliyotumia, hata ile usiyotaka mama aione. Na dada, usipake rangi ya kucha. Daktari atataka kuziona.