Beni: Maganda ya risasi ya Mavivi yanasema nini, na kwa nini usiyaokote

Juu ya meza ninapoandika kuna ganda moja la risasi. Nililiokota miaka kadhaa iliyopita kando ya njia ya mashambani, upande wa Mavivi, kaskazini mwa mji wa Beni, siku mbili baada ya milio ya bunduki kunyamaza. Nilikuwa mwandishi mchanga. Nililifuta udongo, nikalitia mfukoni, nikarudi mjini kuandika habari ya watu waliokimbia. Sikuandika mahali nilipolikuta. Sikulipiga picha. Nilidhani nimejipatia kumbukumbu ya kazi.

Wengi wetu tumefanya hivyo. Mavivi ndiko kuliko uwanja wa ndege wa Beni na kambi ya MONUSCO, kwenye barabara ya kitaifa namba 4 inayopanda kwenda Mbau, Oicha na Eringeti. Pembeni ni mashamba ya kakao na pori. Tangu jeshi la FARDC lianzishe operesheni Sukola 1 dhidi ya waasi wa ADF mnamo Januari 2014, tangu mauaji ya raia yalipoanza Oktoba mwaka huo huo, hadi jeshi la Uganda lilipoingia mwishoni mwa Novemba 2021 katika operesheni Shujaa, ardhi hii imemwagiwa masasi yasiyohesabika. Kila bunduki inapofyatua, kichwa kinakwenda zake na ganda linabaki. Mkulima analikuta anapopalilia. Mtoto analipuliza mdomoni, linatoa mluzi mkali. Mwingine analitupa kwenye mfuko wa mitraye, pamoja na sufuria zilizotoboka na vipande vya baiskeli, akingoja mnunuzi wa vyuma chakavu.

Neno hilo mitraye lina historia yake. Kwa Kifaransa lilikuwa jina la vipande vya chuma chakavu, kisha likawa jina la vipande hivyo hivyo vikiisha kupakiwa ndani ya mzinga ili kuua watu. Sisi tumelirudisha lilikotoka.

Sasa, ganda lenyewe ni nini? Risasi nzima ina sehemu nne. Mbele kuna kichwa, ndicho kinachoruka. Nyuma yake kuna baruti. Kitakoni kuna fataki, kidude kidogo cha mviringo kinachogongwa na sindano ya bunduki ili kuwasha baruti. Ganda ndilo linaloshikilia vyote hivyo. Bunduki ikiisha kupiga, ganda hutupwa nje likiwa tupu, na fataki yake inakuwa na shimo dogo la kugongwa.

Watu husema maganda yote ni shaba. Si kweli. Maganda ya shaba ya manjano huchanganywa takriban shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Lakini risasi nyingi za Kalashnikov zilizotoka Urusi na China zina ganda la chuma, lililopakwa rangi ya kuzuia kutu au ngozi nyembamba tu ya shaba. Wanaonunua vyuma hulitambua kwa sumaku: likinata, ni chuma. Na hata lile la shaba kweli halimtajirishi mtu. Ganda la risasi ya milimita 5.56 lina uzito wa gramu 6 hivi, kwa hiyo kilo moja inataka maganda zaidi ya 150. Mtu atakayeyatafuta yote hayo porini atakuwa amepita mara ngapi penye kitu ambacho hakikulipuka?

Kuna pia uvumi kwamba maganda hayo yanaweza kujazwa tena na kuuzwa kama risasi mpya. Uvumi huu una mzizi wa kweli, ila mzizi huo uko mbali na Mavivi. Nchini Marekani, kujaza maganda upya ni kazi ya burudani inayokubaliwa na sheria katika sehemu nyingi, na wenye kuipenda wana vifaa vyao. Kuna nyavu zinazofungwa kando ya bunduki ili ganda lisianguke chini. Kuna kikapu cha nyaya chenye mpini, kinachoviringishwa kwenye nyasi kikazoa maganda, kifaa kilichobuniwa kwanza kwa kuokotea karanga na matunda ya miti. Wana machujio ya kutenganisha ukubwa mmoja na mwingine. Kusafisha, wanatia maganda ndani ya chombo kinachotikisika, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Ndiyo, magunzi yale yale tunayowashia moto huku kwetu! Kisha wanapima kila ganda kwa kipimo cha chuma, na lenye ufa hutupwa.

Hayo yanawezekana kwa sababu wao wanaokota kwenye uwanja wa shabaha, maganda ya shaba waliyoyanunua wenyewe, na wanajua yamepigwa mara ngapi. Tena ganda lao lina tundu moja katikati ya kitako, hivyo fataki iliyokwisha husukumwa nje kwa urahisi. Mfumo huo ulibuniwa na Mwingereza, Edward Boxer, katika karne ya 19. Maganda mengi ya kijeshi yanayoanguka huku yametengenezwa kwa mfumo wa Mmarekani, Hiram Berdan: matundu mawili madogo pembeni, na fataki isiyotoka kwa kusukumwa. Ajabu ni kwamba Wamarekani walichukua wa Mwingereza, na sehemu kubwa ya Ulaya na Asia ikachukua wa Mmarekani. Ganda la chuma lililolala mwaka mzima kwenye udongo wa Beni, likala kutu kwa ndani, halifai kujazwa na yeyote. Anayejaribu anacheza na mkono wake na jicho lake. Na sheria ya silaha na risasi ya nchi yetu, ile ya tarehe 3 Septemba 1985, haimruhusu raia kutengeneza risasi nyumbani kwake.

Hatari kubwa, hata hivyo, si ganda tupu. Ni lile lisilo tupu. Risasi ambayo fataki yake ina alama ya kugongwa lakini kichwa bado kipo ni risasi iliyokataa kulipuka, na haijulikani itakubali lini. Ikichanganyika na chuma chakavu, ikaingia kwenye moto wa mfua vyuma, ganda hupasuka na vipande vyake huruka jikoni kama vile vya bomu dogo. Na pale penye maganda ya Kalashnikov huenda pia kukawa na kombora la RPG au guruneti lililofunikwa na majani. Tena kuna sumu: fataki nyingi zina madini ya risasi ndani yake, na moshi wake huganda kwenye ganda. Mtoto anayepuliza mluzi analamba uchafu huo. Mama, usimwachie.

Lakini tuache hatari. Kuna jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, halizungumzwi vya kutosha hapa Beni. Ganda ni ushahidi.

Ligeuze, utazame kitako chake. Mara nyingi utaona namba au herufi zilizogongwa. Kwa risasi za Kisovieti za zamani, namba moja ni ya kiwanda na nyingine ni ya mwaka. Langu hapa mezani lina 539 na 77. Namba 539 ni kiwanda cha Tula, nchini Urusi. 77 ni mwaka 1977. Ni kubwa kwangu kwa umri. Wachina nao hugonga namba ya kiwanda na mwaka. Jirani zetu pia wana viwanda vya risasi: Uganda huko Nakasongola, Kenya huko Eldoret, Tanzania huko Morogoro. Namba hizo zikikusanywa kwa wingi, kutoka mahali pengi na kwa tarehe zinazojulikana, zinaanza kuonyesha njia: shehena gani ilifika wapi, mwaka gani, ikatoka mkononi mwa nani.

Kazi hiyo hufanywa. Umoja wa Mataifa uliiwekea Congo vikwazo vya silaha mwaka 2003, na tangu 2004 kuna Kundi la Wataalamu linalofuatilia nani anavivunja. Ripoti zao zina picha za vitako vya maganda, ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka 2012 walifuatilia risasi za kuwindia zilizonunuliwa Congo-Brazzaville na kuishia kwa majangili na makundi yenye silaha huku mashariki. Waliandika kwamba mtandao huo ulisimamiwa na jenerali aliyekuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu. Novemba mwaka huo serikali ilimsimamisha kazi; baadaye alirudishwa jeshini.

Tusizidishe lakini. Namba ya kitako inamtaja aliyetengeneza risasi. Aliyefyatua haimtaji. Risasi ya jeshi inaweza kutekwa, kuuzwa au kuibwa, kisha ikaua mwanakijiji mikononi mwa mwasi. Ndiyo sababu mahali ganda lilipoanguka ni muhimu kama namba yake. Kalashnikov hutupa ganda upande wa kulia, mbele kidogo. Maganda kumi yaliyolala pamoja chini ya mkakao yanaonyesha pale alipokuwa amesimama mpigaji, na alikuwa akielekeza bunduki upande gani. Alama ya sindano kwenye fataki inaweza kulinganishwa na bunduki iliyokamatwa. Ukiliokota, ukalitia mfukoni, umebaki na kipande cha chuma na namba mbili.

Swali la nani anaua Beni limeulizwa tangu 2014. Machi 2016 watafiti wa Kundi la Utafiti juu ya Congo walitoa ripoti iliyobeba swali hilo hilo kama jina lake. Familia za Mbau, Oicha na Rwangoma bado zinalibeba. Mahakama za kijeshi zimehukumu baadhi ya watuhumiwa, lakini kesi inayosimama juu ya maneno ya mashahidi peke yake huyumba, maana shahidi hukimbia na mwingine huogopa.

Afanye nini basi mtu anayekuta maganda shambani? Asiguse. Aweke alama kwa mbali, mti au kitambaa, awazuie watoto, amwarifu chefu wa kijiji, naye awaite polisi, jeshi au MONUSCO, ambako kuna wataalamu wa kutegua vilipuzi. Kupiga picha kwa simu ni jambo jema, kuweka kalamu kando ili ukubwa uonekane, lakini siwezi kumwambia kila mtu afanye hivyo. Katika eneo la mapigano, raia anayekutwa na picha za maganda, au na maganda yenyewe mfukoni, anaweza kuchukuliwa kuwa mshirika wa waasi. Wenye mamlaka wangetusaidia kama wangetangaza wazi, kwa Kiswahili na Kinande, kwamba mwananchi anayetoa taarifa hatashikwa.

Wapo waliookota kwa nia nyingine. Mchongaji wa Kinshasa, Freddy Tsimba, anachomelea maganda yaliyotoka kwenye sehemu za vita za nchi hii na kuyafanya miili ya watu, mara nyingi wanawake. Ukisimama karibu na sanamu hizo, unaona kila ganda ni mdomo uliofunguka. Nampongeza. Ila ningependa, kabla ya ganda kufika kwa fundi, mtu awe ameandika lilikotoka.

Langu nimelitia ndani ya bahasha. Juu yake nimeandika Mavivi, namba zile mbili, na mwezi ninaoudhani. Siku yenyewe siikumbuki tena.